Lililokuwa la Bibi Kizee

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Laiti wangalizisoma kurasa za matangazo ya magari ya kale katika magazeti ya Uingereza na Marekani, huenda wangaliongeza neno la tatu, kwamba kiko pia kibaya kinachojua kujiandika. Kwa maana katika kurasa hizo hakuna gari bovu hata moja. Liko gari linalohitaji mapenzi kidogo, liko lenye sura ya umri wake, liko ambalo kazi kubwa imekwisha fanywa na iliyobaki ni ndogo tu; lakini gari bovu halipo.

Tangazo la namna hiyo, likikusanywa kutokana na maneno yanayorudiwa juma baada ya juma, husomeka hivi: "Limepatikana ghalani. Mmiliki mmoja tu, bibi kizee. Lilikuwa likiwaka lilipoegeshwa. Namba zinalingana. Rangi adimu. Ukarabati mwepesi. Linauzwa kwa shingo upande. Wa kwanza kuliona atalinunua. Wapoteza wakati wasipige simu."

Mgeni asomaye maneno hayo atadhani bahati imemwangukia. Mwenyeji wa kurasa hizo atasoma mengine kabisa. Atasoma kwamba gari limelala miaka mingi chini ya paa linalovuja. Kwamba injini yake imeganda. Kwamba lilipotoka kiwandani watu waliikataa rangi yake. Na kwamba huyo "wa kwanza kuliona" alikwisha liona, akaondoka, kwani tangazo lilo hilo limetokea mara sita mfululizo. Hakuna neno hata moja la uongo katika tangazo hilo. Huo ndio ufundi wake, na ndiyo hatari yake, kwani mtu anaweza kuitoa akiba ya miaka kumi kwa maneno tisa yaliyo kweli tupu.

Yafaa kwanza kueleza ni magari gani yanayosemwa. Si kila gari kuukuu huitwa la kale. Gari la kawaida hushuka bei tangu siku litokapo dukani, likaendelea kushuka hata likafikia kuuzwa kwa kilo. Lakini ziko aina ambazo, zikiisha kuvuka umri wa kudharauliwa, huanza kupendwa upya na bei yake hugeuka ikapanda. Jaguar na MG za Uingereza, Mercedes na Porsche za Ujerumani, Ferrari za Italia, Chevrolet na Ford za Marekani, zimo katika kundi hilo. Ndani ya kundi hilo gari moja laweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki na ndugu yake wa kiwanda hicho hicho akauzwa kwa bei ya jumba la ghorofa. Tofauti hiyo hutokana na mambo yasiyoonekana kwa macho: nani alilimiliki, injini ni ile ile au nyingine, liligongwa au halikugongwa. Na mambo yasiyoonekana kwa macho hupita kwa njia ya maneno.

Lugha yenyewe ilizaliwa na ubahili. Uingereza lilikuwako jarida la matangazo madogo madogo liitwalo Exchange & Mart, lililoanzishwa mwaka 1868, kabla magari ya petroli hayajakuwako duniani, likachapishwa kwenye karatasi hata mwaka 2009. Marekani lipo Hemmings Motor News, lililoanzia mji mdogo wa Quincy, jimbo la Illinois, mwaka 1954, kwa ajili ya watu waliotafuta vipuri vya magari ya zamani. Katika kurasa za namna hiyo mtu alilipa kwa neno au kwa mstari, kama ambavyo hapo zamani watu walilipia simu ya maandishi posta. Kila neno lilikuwa senti. Basi maneno yakakatwa, yakabaki vifupisho: herufi tatu zikawa "hali nzuri sana", herufi tatu nyingine zikawa "au bei iliyo karibu na hiyo". Mtu akilazimika kulieleza gari lake kwa maneno kumi na matano, huyachagua yale yanayopendeza, na yaliyobaki huyaacha kinywani. Leo matangazo mengi hayalipiwi tena kwa neno, na mtu angeweza kuandika kurasa tatu akipenda; lakini mtindo umebaki, kwa kuwa wauzaji waligundua kwamba ufupi una faida nyingine zaidi ya kuokoa senti.

Katika maneno yote hayo, mashuhuri kuliko yote ni yule bibi kizee. Wamarekani wana mzaha wa miaka mingi kwamba kila gari lililotumika kusini mwa California lilikuwa la bibi kizee wa mji wa Pasadena, aliyeliendesha Jumapili tu kwenda kanisani. Mzaha huo ulienea hata ukatungiwa wimbo mwaka 1964. Waingereza nao wana bibi wao, ingawa wao hawamtajii kanisa. Husema tu "mmiliki mmoja, mwanamke". Maana inayokusudiwa ni kwamba gari halikukimbizwa, halikupakiwa saruji, wala halikukopeshwa kwa vijana.

Tuseme bibi huyo yupo kweli, na kanisa liko maili moja kutoka nyumbani kwake. Fundi yeyote wa gereji atasema kwamba safari ya maili moja ni adui wa injini. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Injini ikipata moto sawasawa, mvuke huo hufukuzwa. Isipopata moto, maji hubaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, yakala chuma taratibu. Gari la daktari wa wilaya lililokwenda maili sitini kila siku katika barabara nzuri laweza kuwa na injini yenye afya kuliko hili lililoheshimiwa mno. Lakini nani ataandika katika tangazo, "Limesafiri sana, mmiliki alikuwa na haraka"?

La pili kwa umashuhuri ni "lilikuwa likiwaka lilipoegeshwa". Hapa msomaji aitazame kazi ya wakati uliopita. Muuzaji hasemi kwamba gari linawaka. Hasemi hata liliegeshwa lini. Anashuhudia tukio moja la kweli, yaani kwamba siku fulani gari liliingia mahali lilipo kwa nguvu zake lenyewe. Tangu siku hiyo petroli iliyobaki imegeuka utomvu na kuziba kabureta. Mafuta ya breki, ambayo hunywa unyevu wa hewa, yameiharibu mitungi ya breki kwa ndani. Ringi za pistoni zimeshikana na kuta za silinda, panya wamezitafuna nyaya na kuzaliana ndani ya viti. Mtu akifa, nduguze hawaandiki kwamba alikuwa akitembea alipolala.

"Adimu" nalo ni neno la kuchunguzwa. Kitu huwa adimu kwa sababu mbili: ama kilitengenezwa kichache kwa kuwa kilikuwa ghali, ama kilitengenezwa kichache kwa kuwa hakikutakiwa. Kampuni ya Ford ilitoa gari liitwalo Edsel kwa kelele nyingi mwaka 1957, wanunuzi wakalikwepa, na kabla ya mwaka 1959 kwisha kampuni ikaacha kulitengeneza. Leo matangazo huliita adimu, na ni kweli, tena wapo walipendao kwa moyo. Ila uadimu wake ulianza kwa kukataliwa.

Kuhusu "ukarabati mwepesi", yatosha kuuliza swali moja: kama ni mwepesi, kwa nini mwenyewe hakuufanya?

Sababu za kuuza zina fasihi yake. "Linauzwa kwa shingo upande" ni kauli ya muungwana aliyebanwa na hali. Wengine humsingizia mke, wengine hutaja mtoto aliyezaliwa, wengine husema nafasi ya kuliweka imekwisha. Wasomaji wa kurasa za nyumbani wataona jinsi mke wa mwenye gari anavyolaumiwa katika matangazo hayo kana kwamba ndiye aliyeleta kutu. Jambo lisilotajwa ni kwamba mara nyingi ndiye aliyelala akisikia nyundo gerejini kwa miaka minane, huku pesa za paa la nyumba zikigeuka milango ya gari lisilokwenda.

Hata hivyo si haki kusema kwamba maneno hayo yote ni mtego, maana ghala nalo lina maajabu yake. Mwaka 2014 huko magharibi mwa Ufaransa yaligunduliwa magari yapatayo 60 chini ya mabanda yaliyochakaa. Yalikusanywa na tajiri mmoja wa biashara ya usafirishaji, Roger Baillon, aliyekusudia kuyafanyia jumba la makumbusho. Biashara yake ilianguka katika miaka ya 1970, baadhi ya magari yakauzwa, na yaliyobaki yakaachiwa majani na mvua. Miongoni mwake ilikuwamo Ferrari ya mwaka 1961, yenye paa la kukunjwa, iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa imefunikwa na marundo ya magazeti ya zamani. Mwezi Februari 2015 magari hayo yaliuzwa Paris katika mnada wa Artcurial, yakaonyeshwa na vumbi lake na kutu yake, na Ferrari hiyo ikafikia bei ya euro milioni 16.3 pamoja na gharama za mnada.

Tangu hapo vumbi likawa bidhaa. Kila mwenye banda akaliita ghala, na magari yaliyotelekezwa nyuma ya nyumba miaka mitano tu yakaanza "kupatikana", kana kwamba yalikuwa yamepotea na mwenyewe hajui yaliko. Kutu ilipewa heshima ya mvi. Wapo hata wanaoyapulizia magari vumbi kabla ya kuyapiga picha.

Wasomaji walioko jeshini watapenda kujua kwamba "lilikuwa la jeshi" ni sifa mojawapo katika matangazo hayo, hasa ya Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Kwa kuwa chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Jeshi la Uingereza lilinunua mengi, na kuanzia mwaka 1968 hadi mwaka 1984 yakatengenezwa mengine maalumu, membamba na mepesi, ambayo sehemu zake ziliweza kufunguliwa ili helikopta iyanyanyue. Yakiisha kazi huuzwa mnadani, kisha raia huyapenda.

Tangazo husema, "La jeshi, limetunzwa kwa ratiba, bodi haina kutu." Kila neno ni kweli. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma ishikavyo. Lakini chasisi iliyo chini ya bodi hiyo ni ya chuma, nayo huoza toka ndani mahali ambapo mnunuzi hawezi kuona pasipo kulala chini na kugongagonga kwa nyundo ndogo. Ama kuhusu ratiba, ni kweli jeshi hubadili oili kwa tarehe. Ila askari wanajua vizuri kuliko raia jinsi gari lisilo la mtu mmoja linavyoendeshwa, na gia huingizwa kwa mkono wa namna gani usiku wa manane wakati koplo anapiga kelele kwamba msafara umekwisha ondoka.

Liko neno jingine jipya lililoingia katika matangazo ya Uingereza, nalo huchekesha likifikiriwa. Nchi hiyo ilianzisha ukaguzi wa lazima wa magari mwaka 1960, ambao wenyewe huuita MOT. Mwanzoni ulihusu magari yenye umri wa miaka kumi. Baadaye umri huo ukashushwa hadi miaka mitatu. Kwa miongo mingi "lina cheti kirefu cha MOT" ilikuwa sifa njema, kwa kuwa ilimaanisha kwamba mkaguzi asiye na maslahi alilitazama juzijuzi. Lakini mwezi Mei 2018 serikali iliyasamehe magari mengi yaliyopita umri wa miaka 40, ikiwa hayakubadilishwa sana. Basi wauzaji sasa huandika kwa fahari, "Limesamehewa ushuru na ukaguzi." Msomaji mwepesi huona nafuu ya gharama. Msomaji mwangalifu huona kwamba yawezekana tangu mwaka 2018 hakuna jicho la mkaguzi hata moja lililopita chini ya gari hilo.

Je, mwenye kununua kwa maneno hayo na akaumia, ana pa kulalamika? Hapa mzaha unakwisha. Majaji wa Uingereza wamekwisha kaa mara nyingi kupima maneno ya wauza magari, wakitenganisha sifa tupu na ahadi. "Gari zuri sana", "halina mfano", hizo ni sifa. Mwuza maembe naye husema maembe yake ni asali. Lakini mwaka wa gari, idadi ya maili, injini iliyomo, hayo ni mambo ambayo mtu huweza kuyategemea.

Kesi iliyo karibu zaidi na matangazo ni ile ya Beale na Taylor ya mwaka 1967. Tangazo la gazetini lilitaja Triumph Herald nyeupe, ya paa la kukunjwa, ya mwaka 1961. Mnunuzi alikwenda, akaliona, akakuta nyuma yake kibandiko cha chuma chenye namba 1200, ambayo ni aina iliyoanza kutolewa mwaka huo wa 1961, akaridhika, akalipa. Mafundi walipolichunguza baadaye waligundua kwamba si gari moja. Nusu ya nyuma ilikuwa ya Herald ya mwaka 1961. Nusu ya mbele ilikuwa ya Herald nyingine ya zamani zaidi, yenye injini ndogo. Mtu fulani aliyakata magari mawili akachomelea nusu hii na nusu ile, na kazi ya kuchomelea yenyewe ilikuwa mbaya hata gari likawa hatari barabarani.

Muuzaji hakuwa mlaghai. Naye alilinunua hivyo hivyo bila kujua, wala hakuwa mfanyabiashara wa magari. Mahakama ya wilaya ikamwachilia, ikiona kwamba mnunuzi alilitazama gari kwa macho yake na kulikubali. Mahakama ya Rufani ikasema la: mtu huyo alinunua "Herald ya 1961" kama ilivyoandikwa, na alichopewa si hicho. Kuliona gari hakukuyafuta maneno ya tangazo, kwa kuwa kasoro yenyewe haikuweza kuonekana kwa kutazama tu. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, isemayo kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo.

Kesi nyingine, iliyoandikwa katika ripoti za mwaka 1957, ilikwenda upande wa pili. Mtu aliliuza gari lake aina ya Morris kwa wafanyabiashara wa magari akisema ni la mwaka 1948, na kadi ya gari ilisema hivyo. Wakalithamini kwa pauni 290. Baadaye ikajulikana kwamba ni la mwaka 1939. Mmiliki mmoja wa huko nyuma aliichezea kadi, na sura ya Morris haikuwa imebadilika kati ya miaka hiyo. Kama wangalijua wangalilithamini kwa pauni 175. Mahakama ikawanyima fidia, kwa hoja kwamba mwenye gari alikuwa raia asiye na ujuzi aliyerudia alichokikuta katika kadi, na wao ndio wenye ujuzi wa kazi hiyo. Lakini mwaka 1965, mfanyabiashara aliyemwambia mteja kwamba Bentley fulani ilikuwa imekwenda maili 20,000 tu tangu iwekwe injini nyingine, na kumbe ilikuwa imekwenda zaidi sana, alishindwa kesi, kwani yeye aliweza kuuchunguza ukweli na hakufanya hivyo. Jaji Denning alikuwamo katika kesi zote mbili. Mnunuzi wa Bentley hiyo, kwa bahati, naye aliitwa Bentley.

Kubwa kuliko zote ni ile ya mwaka 1990, nayo ilihusu neno moja. Bentley iliyopewa jina la Old Number One ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Iliendelea kushindana, ikabadilishwa injini, na mwaka 1932 ikapata ajali katika uwanja wa Brooklands iliyomwua dereva wake, Clive Dunfee. Ikajengwa upya kwa bodi nyingine. Miaka karibu sitini baadaye mwenye gari akakubaliana na kampuni moja kuiuza kwa pauni milioni 10. Kampuni ikagundua kwamba vipande vilivyobaki vya mwaka 1929 na 1930 ni vichache mno, ikagoma kulipa, ikidai kwamba hilo si gari lililoshinda Le Mans.

Jaji Otton alisikiliza ushahidi wa chasisi, wa injini, wa kila bolti. Hatimaye aliamua kwamba gari hilo haliwezi kuitwa la asili, lakini ni halisi. Vipuri vipya viliingia kidogo kidogo, kwa miaka mingi, hata haikuwako siku ambayo gari moja lilikufa na jingine likazaliwa. Wala hakuna gari jingine duniani lenye haki zaidi ya kudai jina hilo. Kampuni ikaamriwa kuutimiza ununuzi. Baina ya "la asili" na "halisi" kulikuwa na pauni milioni 10.

Mambo hayo ya ughaibuni si mageni kama yanavyoonekana. Sheria ile ya Uingereza ya mwaka 1893 ndiyo iliyochukuliwa kuwa kielelezo cha sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa ukoloni, na kanuni ya kitu kulingana na maelezo yake ilirithiwa. Uganda iliandika sheria yake mpya mwaka 2017 na kanuni hiyo ikabaki humo. Na ingawa tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingizwa magari ya kawaida yaliyofikisha umri wa miaka 15, yaliyokwisha kuwamo nchini yangali yakiuzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kwa tangazo la gazetini, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, au kwa neno la rafiki wa rafiki kambini.

Tuseme basi sajini mmoja anastaafu. Anayo Peugeot 504 aliyoirithi kwa mjomba wake, nayo ni ya umri mkubwa kuliko watoto wake wote. Jioni anaketi na kalamu kuandika tangazo, mkewe akimenya ndizi kando yake. Anaandika, "Peugeot 504, hali nzuri sana, injini safi, mmiliki mmoja."

"Baba watoto," mkewe anasema bila kuinua kichwa, "mjomba alikuwa nani?"

Sajini anafuta "mmoja", anaandika "wawili, wa ukoo mmoja".

"Na oili je?"

"Oili ni jambo dogo, mama watoto. Atakayekuja ataona mwenyewe."

"Ataiona wapi, nawe kila asubuhi unaongeza kabla ya jua kuchomoza? Andika kwamba inakula oili. Akija mtu wa Peugeot kweli, atajua dawa yake. Akija asiyejua, utamwona hapa tena kabla ya mwezi kwisha, na safari hiyo hatakuja peke yake."

Sajini anaitazama karatasi kwa muda. Kisha anauliza kama "inakula" liandikwe hivyo hivyo, au kuna neno la adabu zaidi.

"Andika 'inakula'," mkewe anajibu, "na uandike ni lita ngapi kwa mwezi."